Kompyuta Mpakato kwa Kazi za Kila Siku: Kipi Kiachwe, Kipi Kishikwe

Nyabibuye ni kata iliyomo katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, katika Wilaya ya Kakonko, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kibondo. Mwalimu au karani wa ushirika anayeishi huko na kutaka kununua kompyuta mpakato hana nafasi kubwa ya kukosea, kwani fedha yake ni ya akiba ya muda mrefu na mafundi wa mashine hizi hupatikana zaidi mijini. Kwa hiyo yampasa kujua ni sifa ipi aiache ili apate nyingine.

Jambo la kwanza ni umeme. Gridi ya taifa iliufikia Mkoa wa Kigoma mwaka 2022. Kabla ya hapo miji kama Kasulu na Kibondo ilitegemea jenereta za dizeli. Hata hivyo umeme hukatika, na nyumba nyingi za vijijini hutumia paneli za jua. Uwezo wa betri hupimwa kwa wati-saa. Betri ya wati-saa 50 ikiendesha kompyuta inayotumia wati 10 hudumu saa 5. Matumizi yakifika wati 25, hudumu saa 2 tu. Ndiyo maana prosesa yenye nguvu nyingi, ambayo wauzaji huisifu kwanza, si neema kwa mtu anayeandika barua na kujumlisha hesabu. Aidha, mashine inayochajiwa kwa tundu la USB-C yaweza kupata umeme kutoka betri ya volti 12 kwa chaja ya gari yenye nguvu ya kutosha, bila kupitia inveta, ambayo hupoteza sehemu ya umeme kuwa joto.

La pili ni hifadhi. Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake bila kuigusa. Mashine ikipata kishindo inapofanya kazi, kichwa chaweza kukwaruza sahani, na kumbukumbu za mwaka mzima zikapotea. Hifadhi ya SSD haina kitu kinachozunguka. Kwa bei ileile hubeba kidogo zaidi, lakini gigabaiti 256 zinamtosha karani.

Linabaki suala la mtumba. Tanzania, iliyopiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, leo imejaa kompyuta zilizokwisha kutumika ng'ambo. Nyingi ni imara kuliko mpya za bei ya chini, ambazo aghalabu huwa na gigabaiti 4 tu za kumbukumbu, zimechomelewa ndani na haziongezeki. Ila mtumba wa zamani mno una kasoro yake: huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha 8.

Mtumba wenye gigabaiti 8, SSD na betri inayobadilishika ndio unaofaa zaidi. Kabla ya kulipa, mnunuzi aandike dukani amri powercfg /batteryreport. Taarifa itaonyesha uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo wake wa sasa. Ikiwa wati-saa 50 zimeshuka hadi 25, gharama ya betri mpya ipunguzwe katika bei.