Kinyonga wa porini: Wiki za kwanza ndizo za kufa au kupona

JANUARI 2021, maofisa wa forodha wa Austria walitangaza kukamatwa kwa vinyonga 74 katika uwanja wa ndege wa Vienna, ndani ya mizigo ya abiria aliyesafiri kutoka Tanzania kupitia Ethiopia. Wengine walifichwa ndani ya soksi, wengine katika makopo matupu ya aiskrimu. Walikuwa wametolewa katika Milima ya Usambara. Watatu hawakupona, na waliobaki walikabidhiwa kwa bustani ya wanyama ya Schönbrunn.

Soksi zile ndizo zilizozungumzwa zaidi. Kilichopita kimya ni kazi waliyoachiwa watunzaji wa bustani hiyo, kwa maana kumwezesha kinyonga wa msituni kuishi ndani ya tundu ni mtihani mgumu. Kazi hiyo hiyo humwangukia mfugaji mwenye kibali, bustani ya nyoka na ofisa wa wanyamapori anayekamata shehena mpakani. Mnyama anaweza kuokolewa mikononi mwa mlanguzi akafia mikononi mwa mwokozi, si kwa ukatili bali kwa kutojua.

Kiu huua kabla ya njaa

Kinyonga aliyesafirishwa hufika akiwa amekauka. Dalili ni macho yaliyotumbukia ndani na ngozi iliyolegea. Choo chake pia husema: sehemu ile ngumu ya mkojo, ambayo kwa mnyama mzima huwa nyeupe, hugeuka njano au rangi ya chungwa.

Kumwekea bakuli la maji hakusaidii, kwa kuwa wengi wao hawayatambui maji yaliyotuama. Porini hulamba umande na matone ya mvua kwenye majani. Kwa hiyo majani ya tunduni yanyunyiziwe maji taratibu, mara kadhaa kwa siku, au kitobolewe kikopo juu ya tundu kidondoshe tone moja moja. Wengine huanza kunywa baada ya dakika nyingi, hivyo asiyekuwa na subira huondoka akidhani mnyama hana kiu.

Chakula hufuata baada ya maji. Panzi, nyenje na nzi walio hai wanafaa, mradi wasitoke katika shamba lililopuliziwa dawa na wasizidi upana wa kichwa chake. Mara kwa mara wapakwe unga wa chokaa ya lishe ili mifupa isilainike.

Kumtazama ni kumtisha

Watu wengi huamini kuwa kinyonga hubadili rangi ili afanane na mahali alipo. Kwa kweli, rangi yake hueleza zaidi hali yake: joto, baridi, hofu, hasira au kutafuta mwenzi. Anayebaki mweusi kutwa nzima, au anayefumba macho mchana, yumo taabani.

Hupenda kuishi peke yake. Wawili wakiwekwa pamoja, mmoja humnyanyasa mwenzake hata bila kupigana, kwa kumtazama tu. Kila mmoja apewe tundu lake la wavu, refu kwenda juu, lenye matawi na majani ya kujifichia, na likae mahali pa juu pasipo na pitapita za watu, mbwa wala paka. Wiki za kwanza asishikwe ila kwa lazima.

Karibu kila kinyonga wa porini ana minyoo. Msituni huishi nayo bila shida, lakini hofu ya safari ikimdhoofisha, minyoo humshinda. Choo chake kipelekwe kwa daktari wa mifugo kipimwe. Kukimbilia dawa ya minyoo kabla hajanywa maji ya kutosha kunaweza kumuua haraka kuliko minyoo yenyewe.

Jike mzima huenda ana mimba. Wa jamii zinazotaga awekewe udongo wenye unyevu wa kuchimba, la sivyo mayai yatabaki tumboni na kumuua.

Mlimani si pwani

Vinyonga wengi wanaotafutwa na wafanyabiashara ni wa milimani. Kinyonga wa Jackson, mwenye pembe tatu, anatoka nyanda za juu za Kenya na Mlima Meru nchini Tanzania. Kinyonga wa Johnston anaishi katika milima ya Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo. Hawa wamezoea usiku wa baridi. Ukimweka katika sanduku la kioo kwenye joto la Mombasa au Dar es Salaam, hadumu. Jua la asubuhi anahitaji, lakini lisipitie kioo, na kivuli kiwe karibu.

Kuachia ovyo nako kuna gharama. Mwaka 1972, mfanyabiashara mmoja wa Hawaii alipokea vinyonga wa Jackson kutoka Kenya wakiwa wamekonda kwa safari. Akawaachia bustanini wapate nafuu, nao wakatawanyika. Leo wamezaana visiwani humo na wameonekana kula wadudu na konokono wa asili.

Sheria haisinzii

Kenya ilisimamisha usafirishaji wa vinyonga wa Jackson mwaka 1981. Tanzania ilifunga biashara ya kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016; tangazo la Juni 2022 la kuwapa wafanyabiashara miezi sita ya kuondoa waliobaki nao lilisitishwa mara moja. Mwaka huo huo wa 2016, mkutano wa CITES mjini Johannesburg uliwaingiza vinyonga wadogo wa ardhini wa Afrika katika orodha ya wanyama ambao biashara yao ya kimataifa huhitaji kibali.

Lakini spishi moja inapoishi pande mbili za mpaka, ulinzi wa upande mmoja hautoshi. Asiyepata njia Arusha atajaribu Namanga, na anayebanwa Kampala atatazama Goma. Maofisa wa nchi jirani wanahitaji kujuana kama walanguzi wanavyojuana, na kila kituo cha mpakani kinahitaji angalau mtu mmoja anayejua kumpa kinyonga maji.

Kwa mwananchi wa kawaida, ushauri ni mwepesi. Kinyonga hana sumu wala mkosi, na mkulima humfaa kwa kula wadudu. Mtoto akimleta nyumbani mkononi, asiuawe wala asifungiwe. Mtoto aulizwe alimtoa mti gani, na kinyonga arudishwe kwenye mti huo huo siku hiyo hiyo.