Vitabu vya Mapishi vya New Orleans: Vilivyozama na Namna Vilivyorudi

Kimbunga Katrina kilipiga pwani ya Louisiana, kusini mwa Marekani, tarehe 29 Agosti 2005. Kilichouzamisha mji wa New Orleans hasa ni kubomoka kwa kuta na matuta yaliyojengwa kuzuia maji. Takriban asilimia 80 ya mji ilifunikwa. Mitaa iliyo juu kidogo, kama French Quarter, ilisalimika kwa sehemu kubwa. Mitaa ya Lakeview na Lower Ninth Ward ilikuwa na nyumba ambazo maji yalifika karibu na paa. Kazi ya kuyatoa maji yote ilimalizika tarehe 11 Oktoba. Watu zaidi ya elfu moja walikuwa wamekufa, na maelfu kwa maelfu walikuwa wametawanyika Houston, Atlanta na kwingineko. Baada ya roho za watu na nyumba zao, miongoni mwa vitu vilivyoliliwa sana ni vitabu vya mapishi.

Kilio hicho kilikuwa na msingi. New Orleans ni mji unaojitambua kwa chungu chake. Gumbo, mchuzi wake mzito wa kamba, kaa, kuku au soseji, una bamia iliyoletwa kutoka Afrika, unga wa majani ya sasafrasi uliotoka kwa Wachoctaw, wenyeji wa eneo hilo, na unga wa ngano uliokaangwa kwa mafuta kwa namna ya Kifaransa. Mapishi hayo yalianza kuandikwa zamani. Mwaka 1885 vilitoka vitabu viwili, La Cuisine Creole cha Lafcadio Hearn na The Creole Cookery Book kilichotolewa na chama cha wanawake wa mji huo. Gazeti la Picayune likafuata na kitabu chake mwaka 1900. Mwaka 1939 Lena Richard, mpishi mweusi aliyekuwa akiendesha shule ya upishi, alijichapishia kitabu chake mwenyewe, kwa kuwa mapishi yaliyokuwa yakisifiwa kila mahali yalitoka mikononi mwa watu kama yeye, lakini majina yao hayakuwa kwenye majalada.

Rafu ya kawaida ya jiko la New Orleans ilichanganya vitu vya aina mbalimbali. Kulikuwa na vitabu vya wachapishaji wakubwa, kama kile cha Paul Prudhomme cha mwaka 1984. Kulikuwa na vitabu vya vyama vya wanawake, makanisa na shule, vilivyofungwa kwa springi ya plastiki na kuuzwa ili kuchangisha fedha. Desturi hiyo ni ya tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani: A Poetical Cook-Book cha Maria J. Moss kiliuzwa Philadelphia mwaka 1864 kuwasaidia askari majeruhi. Na katikati ya kurasa kulichomekwa karatasi: vipande vilivyokatwa gazetini, kadi zilizoandikwa kwa mkono, bahasha iliyoandikwa nyuma yake kiasi cha siagi na sukari. Pembeni mwa ukurasa bibi alikuwa ameandika “punguza chumvi” au “dakika kumi zaidi”. Thamani ya mkusanyiko ilikuwa hasa kwenye hizo karatasi na hizo pembe za kurasa.

Karatasi iliyolowa ina muda mfupi sana wa kuokolewa. Ukungu huanza kuota baada ya saa 48 hivi, na mapema zaidi penye joto. Dawa inayojulikana ni kuigandisha: baridi kali husimamisha ukungu na kumpa mwenye kitabu nafasi ya kukikausha polepole baadaye, na maktaba kubwa hukausha vitabu vilivyogandishwa ndani ya vyumba vinavyonyonywa hewa, barafu ikageuka mvuke bila kwanza kuwa maji. Karatasi inayong'aa, ile inayotumiwa kwenye vitabu vyenye picha za rangi, hupakwa udongo mweupe laini. Ikilowa na kuachwa ikauke yenyewe, kurasa hushikana na haziachani tena. Wino wa bolpeni ya kawaida una mafuta na mara nyingi huhimili maji. Wino wa kalamu ya kuchovya na wa kalamu za rangi huyeyuka, na maandishi hubaki doa la buluu.

New Orleans haikuwa na hata moja kati ya masharti ya uokoaji. Umeme ulikatika, na majokofu yaliyojaa nyama na kamba yalioza hadi yakafungwa kwa utepe na kuwekwa barabarani kwa maelfu. Wakazi walizuiwa kurudi kwa wiki kadhaa, katika joto la mwisho wa kiangazi, na maji yalichanganyika na taka za vyoo na mafuta. Waliporudi walikuta rafu zimeanguka na vitabu vimevimba, vyeusi kwa ukungu. Vingi vilitupwa pamoja na kuta za ndani za nyumba.

Sehemu rahisi ya kurejesha ilikuwa vitabu vilivyochapishwa kwa wingi. River Road Recipes, kilichotolewa na chama cha wanawake cha Baton Rouge mwaka 1959, kimeuza nakala zaidi ya milioni moja na hakijaacha kuchapishwa. Kitabu cha Picayune kilikwisha chapishwa upya, na vile vya karne ya 19 havina tena hakimiliki, kwa hiyo husomwa bure kwenye maktaba za mtandaoni. Vilivyobaki hutafutwa kwa wauza vitabu vya mitumba. Hapo mnunuzi hana budi kuujua mwaka wa toleo. Joy of Cooking, kilichoanza kuchapishwa mwaka 1931, kilibadilishwa mno katika toleo la 1997, kiasi kwamba toleo la 2006 lilirudisha mengi ya zamani. Aliyepoteza toleo la mama yake hafarijiwi na lolote lenye jina hilo. Vitabu vya makanisa ni vigumu zaidi, kwani vingi havina namba ya kimataifa ya vitabu na vilichapwa mamia machache tu.

Karatasi zilizochomekwa hazikuwa na duka. Njia ya kuzirejesha ilipatikana kwenye gazeti. The Times-Picayune, mrithi wa Picayune ya zamani, lenyewe lilikimbia maji tarehe 30 Agosti. Wafanyakazi wake waliondoka kwa malori ya kusambazia magazeti, na kwa siku tatu lilitoka mtandaoni tu. Kurasa za chakula ziliporejea msimu huo wa vuli, mhariri wake Judy Walker aliifanya safu iitwayo Exchange Alley kuwa mahali pa kuulizana. Msomaji aliandika: palikuwa na mapishi fulani gazetini miaka mingi iliyopita, yangu yamezama, nani anayo? Mwingine, ambaye nyumba yake ilisalimika au aliyekwisha kuhamia mbali, alituma kipande chake. Pale ambapo wasomaji hawakuwa nacho, kumbukumbu za gazeti zilipekuliwa.

Mwaka 2008 Walker na Marcelle Bienvenu, mwandishi wa siku nyingi wa safu ya upishi wa Kikrioli, walikusanya mapishi 250 katika Cooking Up a Storm, kilichochapishwa na Chronicle Books. Kitabu hicho ni kizuri kwa sababu kinaeleza pia kila pishi lilitoka kwa nani, na mwaka 2015 kilitolewa tena.

Ukikitazama kwa makini, utaratibu wa urejeshaji unaonekana wazi. Yaliyorudi ni yale yaliyokwisha gawanywa kabla ya maji kuja. Mapishi ambayo mama aliyachapisha kanisani, aliyoyapeleka gazetini au aliyomnakilia mkwewe wa Houston yalikuwa na nakala nje ya mji. Yale yaliyofichwa kama siri ya ukoo yalikwenda na mwenyewe. Hata yaliyokuwa kichwani yalihitaji watu. Leah Chase wa mgahawa wa Dooky Chase, uliofurika na kufunguliwa tena mwaka 2007, aliendelea kupika gumbo ya mboga za majani kila Alhamisi Kuu hadi uzeeni. Alifariki mwaka 2019 akiwa na miaka 96, na mgahawa bado unaipika siku hiyo, kwa kuwa aliwafundisha watu wa nyumbani kwake.

Somo hilo linazihusu pia familia za Waswahili walioko Muscat, London au Toronto zenye daftari moja tu la pilau, visheti na mkate wa kumimina, nalo liko kwa mtu mmoja. Daftari hilo lipigwe picha ukurasa kwa ukurasa, pembe za kurasa zikiwemo, na picha zitumwe kwa ndugu walio katika miji mingine. Maneno yasiyosomeka aulizwe mwandishi angali hai.