Sindano za Ufukweni na Mkono wa Mzoa Taka

Majira ya joto ya 1987 na 1988, mawimbi yalitupa mabomba ya sindano na vichupa vya damu kwenye fukwe za New Jersey na New York. Hofu ya UKIMWI ilikuwa juu mno. Fukwe zikafungwa, biashara za pwani zikadorora, na Novemba 1988 Rais Ronald Reagan akatia saini sheria ya kufuatilia taka za hospitali: kila mzigo uwe na hati ya kuonyesha umetoka wapi, nani kaubeba na umeishia wapi.

Ilikuwa sheria ya majaribio ya miaka 2, na ilihusu New York, New Jersey, Connecticut, Rhode Island na Puerto Rico tu. Juni 1991 muda wake ukaisha, wala Bunge la Marekani halikuihuisha. Tangu hapo kila jimbo lina kanuni zake.

Uchunguzi ulionyesha jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Sehemu kubwa ya taka zile haikutupwa baharini na hospitali. Baadhi zilidondoka kutoka kwenye matishari na dampo la Fresh Kills, Staten Island. Nyingine zilisombwa na maji machafu yaliyofurika wakati wa mvua, pamoja na sindano za watu waliojidunga wenyewe. Wakala wa mazingira, EPA, ukahitimisha kwamba hatari ya maambukizi ni kubwa zaidi pale taka inapozalishwa, kisha hupungua. Kwa hiyo aliyekuwa hatarini zaidi hakuwa mwogeleaji bali muuguzi na mfagiaji wa wodi.

Ndiyo maana naiheshimu zaidi kanuni ya shirikisho ya 1991 kuhusu usalama kazini. Inamtaka mwajiri aweke sanduku la sindano lisilotoboka, lisiloachwa kujaa kupita kiasi, na ampe chanjo ya homa ya ini aina ya B bila malipo kila mfanyakazi anayeweza kugusana na damu. Ndugu zetu wanaotunza wazee na kufagia hospitali huko Marekani waijue haki hiyo na waidai.

Kwenye moshi wa taka zinazochomwa nako serikali kuu haikunyamaza, na ilifanya vyema, kwa kuwa moshi haujui mpaka wa jimbo. Kabla ya 1997 zaidi ya asilimia 90 ya taka hizi zilichomwa, zikitoa zebaki na sumu ya dioksini. EPA ilipoweka viwango vikali mwaka huo, matanuri mengi yalifungwa. Siku hizi taka nyingi huuawa vijidudu kwa mvuke wa joto kali.

Pengo limebaki majumbani, kwa wanaojidunga insulini. California imepiga marufuku tangu Septemba 2008 kutupa sindano kwenye pipa la taka za nyumbani. Majimbo mengi mengine yanaruhusu zitiwe kwenye chupa ngumu ya sabuni ya kufulia, kifuniko kikafungwa kwa utepe, kisha zikatupwa pamoja na maganda ya ndizi. Chupa ikipasuka ndani ya gari la taka, anayechomwa ni mzoa taka, ambaye hajui hata damu iliyomo ni ya nani.

Mwaka 2018 California iliongeza sheria inayowataka watengenezaji wagharimie ukusanyaji wa sindano hizo. Ni haki: anayepata faida kwa kuuza sindano alipie na safari yake ya mwisho. Majimbo yaliyobaki hayana sababu ya kungoja mawimbi mengine.