Kwa Nini Kaka Bado Hajapona?

Njooni, wanangu, kaeni hapa karibu. Leo swali limetoka kwa binti ambaye kaka yake alianguka kwenye bodaboda. Hakuwa amevaa helmeti. Kidonda cha kichwani kimefunga, nywele zimeota. Lakini binti anauliza: "Mjomba, mbona kaka bado hajapona?"

Umeuliza vyema, mwanangu! Kuuliza si ujinga. Hebu tumwache Ubongo ajibu mwenyewe.

"Mimi ni Ubongo. Ni laini, na uzito wangu haufiki kilo moja na nusu. Ninaelea katika majimaji ndani ya fuvu. Kaka alipoanguka, nilitikisika, nikajigonga kwenye mfupa. Ndani yangu mna njia nyingi: za majina, za maneno, za hasira na za subira. Siku ile, baadhi zilikatika, kama vijia vya shambani baada ya masika. Sasa nazunguka vichakani. Nafika, lakini nachelewa. Nafika, lakini nimechoka."

"Ndiyo maana anasahau jina langu?"

Ndiyo, mwanangu. Njia imekatika. Mapenzi yapo. Usimtege kwa kumwuliza, "Mimi nani?" Mtajie jina lako tu.

"Na mbona anafoka? Zamani alikuwa mpole."

Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso ndiyo hutusaidia kujizuia. Ikiumia, hasira hutoka mbio kabla ya kuzuiwa. Si kosa lako. Si kosa lake. Usibishane naye. Sogea kando, mwite mama.

"Na mbona analala mchana?"

Kuzunguka vichakani kunachosha! Punguza redio. Wageni wasijae chumbani kwake wote kwa pamoja. Mwache apumzike kabla hajachoka kabisa.

"Sasa nimsaidieje?"

Swali zuri kuliko yote! Mwite kwanza, akutazame. Mwambie jambo moja. Kisha ngoja. Ngoja tena. Usimmalizie maneno yake. Bandikeni ukutani karatasi ya mambo ya siku: kuoga, chai, dawa, mazoezi. Mpango uwe uleule kila siku, maana njia inayopitiwa kila siku ndiyo hufunguka.

Dawa ni kazi ya wakubwa. Lakini ukimwona anatapika, anapata degedege, analia kichwa kinamuuma sana, au analala na haamshiki, piga kelele! Aende hospitali mara moja.

"Mjomba, atakuwa kama zamani?"

Sitakudanganya. Wengine hurudi karibu na walivyokuwa. Wengine hubaki wamebadilika. Kupona huchukua miezi, hata miaka. Vyovyote vile, ni kaka yako, na anahitaji kuheshimiwa kama kaka.

Na mama je? Naye huchoka. Kumtunza mgonjwa ni kazi ya nyumba nzima. Leo jioni mwombe shangazi akae na kaka, mama apumzike kidogo. Nawe, mwanangu, nenda ukacheze. Hujamtupa kaka kwa kucheza.