Chuck Berry na Dirisha la Tiketi

Wajukuu zangu, sogeeni. Leo sina sungura wala fisi, nina mtu.

Huko St. Louis, Marekani, kuna ukumbi wa fahari uitwao Fox. Zamani mtoto mweusi alifika hapo na baba yake kutazama sinema. Dirishani wakanyimwa tiketi kwa sababu ya rangi yao, wakarudi nyumbani.

Mtoto huyo ni mpiga gitaa Chuck Berry, aliyezaliwa tarehe 18 Oktoba 1926. Baba yake alikuwa fundi ujenzi na shemasi kanisani, kwa hiyo nyimbo za kwaya alizisikia tangu angali mdogo. Msidhani lakini kwamba alikuwa malaika. Mwaka 1944 yeye na rafiki zake walipora watu kwa bastola mbovu. Bastola mbovu, kifungo kizima: miaka kumi! Aliachiwa mapema, siku ileile aliyotimiza miaka 21.

Akaoa, akafanya kazi kiwandani, akafagia majengo, hata kutengeneza nywele akasomea. Gitaa likabaki la jioni. Kisha, mkesha wa mwaka mpya wa 1953, mpiga piano Johnnie Johnson akapungukiwa na mtu: mpiga saksafoni wake alikuwa mgonjwa. Akamwita Chuck azibe pengo la usiku mmoja. Wakacheza pamoja miaka mingi.

Walipiga ng'ambo ya mto Mississippi, katika klabu ya Cosmopolitan. Wateja weusi walizoea bluzi. Chuck akawachomekea kantri, muziki wa wazungu wa mashambani! Wakacheka: huyu mweusi wa milimani katoka wapi? Walipomaliza kucheka wakaingia uwanjani kucheza, na baadaye wazungu nao wakawa wanakuja. Siri nyingine ilikuwa mdomo wake. Alitamka kila neno likasikika lote, kama mwalimu anayesomesha imla.

Mei 1955 akaenda Chicago, akamwuliza Muddy Waters, gwiji wa bluzi, mahali pa kurekodi. Muddy akamwelekeza kwa Leonard Chess, mwenye kampuni ya kurekodi. Chuck alidhani bluzi ndizo zitakazompendeza tajiri yule. Wapi! Chess aliupenda wimbo uliotokana na ule wa zamani wa kantri, “Ida Red”, ila akataka jina jipya. Johnson alisimulia kwamba studioni palikuwa na kiboksi cha wanja. Wakachukua jina lake, wakabadili herufi kidogo, ukawa “Maybellene”. Ni hadithi ya Ford inayokimbiza Cadillac, na gitaa lake, kwa masikio yangu, linalia kama honi. Ulipanda hadi namba 5 katika chati ya Billboard ya nchi nzima, na katika chati ya muziki wa weusi ukakaa namba 1.

Santuri ilipotoka, chini ya jina la wimbo palikuwa na watunzi watatu. Chuck mmoja, wawili hawakutunga hata mstari. Mmoja wao, Alan Freed, alikuwa mtangazaji wa redio, na redio ndiyo iliyouza nyimbo. Mnanielewa? Haki ya wimbo wote ilimrudia Chuck mwaka 1986.

Oktoba ya mwaka huohuo, siku mbili kabla hajatimiza miaka 60, Chuck alipanda jukwaani na gitaa lake mbele ya kamera za filamu. Ukumbi ulikuwa Fox.