Fulana Chini ya Suti ya Kuzamia: Joto Linatoka Wapi?

Hewa ya nyuzi 26 za Selsiasi ni ya kukaa barazani na shati la mikono mifupi. Maji ya nyuzi hizohizo, ukikaa ndani yake saa nzima, yatakugonganisha meno. Wanaoongoza wazamiaji Mafia, Pemba na Watamu hawahitaji kufundishwa hilo. Msimu wa kusi, kati ya Julai na Septemba, bahari ikishuka hadi nyuzi 25 hivi, chini ya suti zao za mpira utakuta kitu cha ziada: fulana ya kubana, suruali nyembamba ya kuogelea, au kizibao chenye kofia. Mgeni aliyetoka Ulaya, ambako nyuzi 25 ni anasa, huwaona waoga mpaka mbizi yake ya pili ya siku.

Maji hupitisha joto mara 25 hivi kuliko hewa, na ujazo uleule wa maji hubeba joto takriban mara 3,500 zaidi. Mtu aliyetulia bila nguo anahitaji maji ya nyuzi 33 hadi 35 ili mwili usipoteze joto kuliko unavyolitengeneza. Maji ya namna hiyo labda uyatafute Ghuba mwezi Agosti. Kwingine kote mzamiaji anapoa tangu dakika ya kwanza, ajue asijue. Suti inapunguza tu kasi ya kupoa.

Suti yenyewe ni kazi ya mwanafizikia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Hugh Bradner wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikuwa akitafuta vazi kwa ajili ya wazamiaji wa jeshi la majini la Marekani. Wengi waliamini kwamba asiyetaka baridi lazima abaki mkavu. Bradner aliona kwamba kulowa si tatizo, mradi vazi liwe na vipovu vingi vya gesi vilivyofungiwa ndani yake. Neoprini, mpira uliotengenezwa na kampuni ya DuPont mwaka 1930, ulipoumuliwa ukawa sponji, ukafaa kabisa.

Hata hivyo maelezo yanayosikika kila siku kwenye maboti ni mengine: eti suti huingiza maji kidogo, mwili huyapasha, kisha maji hayo yakakutunza. Ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayowagharimu watu. Tabaka la maji ni kizuizi kibovu cha joto. Unene uleule wa neoprini huzuia mara 10 zaidi. Vinavyokukinga ni vile vipovu. Maji yaliyoingia yanatakiwa jambo moja tu: yakishaingia, yasitoke.

Tupige hesabu. Lita moja ya maji ya nyuzi 26 ikipenya shingoni na kupashwa mpaka nyuzi 33, imekula kilojuli 29 hivi. Mwili uliotulia hutoa takriban wati 100, kwa hiyo hiyo ni karibu dakika 5 za joto lake lote. Ukiinama kumtazama pweza kwenye pango lake, lita hiyo inasukumwa nje na nyingine inaingia, nawe unaanza kulipa upya. Mahali pabaya kuliko pote ni bonde la mgongo juu ya kiuno. Hapo suti nyingi, hasa zile za kukodi zilizoshonwa kwa umbo la mtu mwingine, huacha uwazi, na kila mkunjo wa mwili unaufanya uwazi huo kuwa pampu.

Kazi ya fulana nyembamba inaanzia hapo. Kitambaa cha kunyumbuka chenye unene wa nusu milimita hakina joto la maana peke yake, na anayekiuza kwa ahadi hiyo anatia chumvi. Lakini kinajaza uwazi, kinabana maji kwenye nyuzi zake, na kinazuia suti isichubue makwapa. Chenye manyoya mafupi upande wa ndani hushika maji vizuri zaidi. Kizibao cha neoprini chenye kofia huzidi vyote, kwa sababu kinaongeza vipovu kifuani na kuziba mlango mkuu wa maji, yaani shingo. Pamba iacheni nyumbani: ikilowa hulegea, hujikunja chini ya suti na kufungua vijia vipya vya maji.

Kina nacho kina ushuru wake. Kwenye mita 10 shinikizo huwa mara 2 ya lile la juu ya maji, kwenye mita 30 mara 4, na vipovu vya neoprini husinyaa. Suti ya milimita 3 iliyokutosha juu inakuwa nyembamba kule chini, ambako unaihitaji zaidi. Maji yaliyonaswa na manyoya ya fulana, kwa kuwa hayabanwi na shinikizo, hukaa vilevile.

Msidhani basi kwamba tabaka zikizidi ndiyo vizuri. Suti ikikaza kifua, pumzi inakuwa fupi na hewa ya mtungi inaisha upesi. Ikikaza koo, hubonyeza mishipa inayopima shinikizo la damu, na mtu anaweza kuona kizunguzungu au kuzirai.

Na kuna suala la kupanda. Utafiti wa jeshi la majini la Marekani uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba mzamiaji aliyekuwa na joto chini, kisha akapata baridi wakati wa kupanda, yumo katika hatari kubwa zaidi ya maradhi ya mgandamizo. Inaelekea mishipa ya ngozi hujifinya na naitrojeni huchelewa kutoka mwilini. Kile kituo cha usalama cha dakika 3 kwenye mita 5 kabla ya kutoka majini, ambapo mtu ananing'inia bila kupiga pezi, ndipo fulana inapolipa gharama yake.

Ndipo pia kizibao kipya cha neoprini kinapokusaliti. Kwenye mita 5 vipovu vyake vimeshavimba tena, mtungi umepungua uzito, nawe unavutwa juu kabla ya dakika 3 kutimia. Ongeza risasi kwenye mkanda, kilo moja hivi kwa kuanzia, na ujipime karibu na boti, mtungi ukiwa karibu mtupu.