Mgongo wa Mpiga Ngoma

Wajukuu zangu, mmewahi kuwatazama vizuri wapiga ngoma wetu wa Burundi wakiingia uwanjani? Ngoma yenyewe ni gogo zito lililochongwa, na mtu kajitwika kichwani, anatembea huku akiipiga. Shingo imenyooka, hatua haiyumbi. Ngoma hiyo UNESCO iliitambua mwaka 2014 kuwa urithi wa wanadamu wote. Watu husifu mikono ya mpigaji. Nyinyi tazameni kiuno chake: misuli ya tumbo, nyonga na mgongo ndiyo inayomsimamisha wima chini ya mzigo ule.

Kulikuwa na mtu aliyeishughulikia misuli hiyo maisha yake yote. Aliitwa Joseph Pilates, mzaliwa wa Ujerumani, mwaka 1883. Utotoni pumu ilimsumbua na mifupa yake ilikuwa dhaifu, akaazimia kuujenga mwili wake mwenyewe. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta Uingereza. Kwa kuwa alikuwa Mjerumani, akatiwa kambini, katika Kisiwa cha Man. Humo akawafundisha wafungwa wenzake mazoezi, na inasimuliwa kwamba alifunga springi kwenye vitanda vya wagonjwa ili nao wanyooshe viungo wakiwa wamelala. Hapo ndipo ninapopapenda kuliko pote: hakumwambia mgonjwa asubiri kwanza apone. Baada ya vita alihamia New York, na wacheza dansi walioumia wakawa wanamwendea.

Ndiyo maana mazoezi haya, yaitwayo Pilates kwa jina lake, hayachagui mtu. Jumamosi asubuhi mnawaona watu wa Bujumbura wakikimbia makundi kwa makundi, wakiimba na kupiga makofi. Mkimbiaji akichoka kiwiliwili huanza kuinama, na hatua zake huharibika; huyu anahitaji tumbo imara. Bibi yenu anahitaji kusimama bila kupepesuka asije akaanguka. Kijana anayeshusha mikungu ya ndizi kwa baiskeli kutoka milimani, naye mgongo ndio mtaji wake. Mama aliyejifungua karibuni pia yatamfaa, ila amuulize kwanza mkunga au daktari. Na nyinyi mnaokaa darasani mmejikunja juu ya daftari mpaka mabega yanauma, msidhani nimewasahau.

Hata hivyo, msiache kukimbia wala kuogelea. Moyo na mapafu vinataka kazi yao.

Haya, tandikeni mkeka. Laleni chali, kunjeni magoti, nyayo zikae chini, mikono kandoni. Vuteni pumzi kwa pua. Mkiitoa, vuteni kitovu kuelekea mgongoni, kisha inueni makalio polepole mpaka mabega na magoti yawe mstari mmoja. Msibane pumzi! Sasa shukeni, pingili moja ya mgongo baada ya nyingine. Polepole zaidi. Anayeumia aache, aniite. Wengine, tena.